Mama Harriet Agoma Kufa

Nyie mliotuandikia wiki nzima mkiuliza kama Maxine Dubrow alikubali kufunikwa shuka usoni, tulieni, leo mtajua. Nilimwacha kalala chali kwenye kitanda cha hospitali ya mbao na rangi, studio ya ghorofa ya pili mjini New York, na taa nyekundu ya kamera inakaribia kuwaka.

Na wewe uliyefungia maandazi gazeti la wiki jana kabla hujalisoma, sogea nikupe kwa ufupi, maana mwenzio anakufa na muda hautoshi.

Mwaka ni 1953. Mchezo unaitwa Mlango wa Jikoni. Unarushwa moja kwa moja kila mchana saa sita na nusu, Jumatatu hadi Ijumaa, dakika kumi na tano tu, na wanaougharimia ni wauza sabuni ya unga iitwayo Snowdell. Kwa miaka kumi na tano Maxine amekuwa Mama Harriet Coley, kwanza redioni, sasa kwenye televisheni. Akina mama wa Marekani wanapiga pasi huku wakimtazama. Harriet akikohoa Jumanne, Alhamisi studio inapokea dawa za kikohozi kwa posta.

Siku zile serikali na matajiri walikuwa wanasaka makomunisti hata chini ya vitanda vya watu. Mwaka 1938 Maxine alikwenda kwenye mkutano wa kuwachangia mayatima wa vita vya Hispania, na sasa mkutano ule umegeuka kosa, eti waliouandaa walikuwa makomunisti. Mtu wa Snowdell, Bwana Prentiss Haverly, alimwekea karatasi nyeupe mezani. "Andika majina matatu ya watu uliokaa nao," alimwambia. "Usipoandika, Mama Harriet anakufa Ijumaa."

Leo ni Ijumaa, na karatasi haina hata jina moja.

Taa ikawaka.

Gus Pellegrino akakikandamiza kinanda, kikalia kwa huzuni. Lyle Ostrander, anayecheza Daktari Whitfield, akamshika Maxine mshipa wa mkono. Viganja vyake vilikuwa vimelowa jasho.

"Mapigo yanafifia," akasema Lyle. "Harriet, unanisikia?"

"Nakusikia, Daktari," akajibu Maxine kwa sauti ya Harriet.

Mpaka hapo kila kitu kilikwenda kama kilivyoandikwa. Lililofuata Maxine alilijua kwa moyo. Angetaja jina la marehemu mumewe, angefumba macho, Daktari angesema "Ametutoka", kisha shuka. Shuka ndiyo yenye neno. Katika michezo hii mtu anaweza kudumbukia mtoni, ndege ikaanguka naye, nyumba ikaungua naye ndani, na bado akarudi baada ya mwaka akiwa na mchumba. Ila akifunikwa shuka mbele ya kamera, basi. Hata Mungu anahitaji kibali cha mdhamini kumfufua.

Tangu asubuhi Maxine alikuwa ameapa kwamba hafi. Tatizo hakujua hafi vipi. Kufumbua macho hakutoshi, kwa sababu Jumatatu wangesema tu kwamba alifariki Jumamosi usingizini, na maua yangeanza kumiminika. Alikuwa na hofu na alikuwa na hasira, na hasira ilikuwa kubwa zaidi.

Akafumba macho kama alivyotakiwa.

"Ametutoka," akasema Lyle, na akaikamata shuka.

Shuka haikwenda. Maxine alikuwa ameing'ang'ania kwa mikono miwili.

"Achia shuka, Maxine," Lyle akanong'ona bila kutikisa midomo.

"Thubutu," akanong'ona Maxine.

Lyle akavuta. Maxine akavuta. Mwanamke wa Kansas mwenye pasi mkononi aliona kwa macho yake daktari anagombea shuka na maiti.

Maxine akafumbua macho, akaketi.

"Daktari," akasema kwa sauti iliyofika mpaka chumba cha mitambo, "unanifunika nini? Mimi sijafa."

Mnajua maji yakimwagika hayazoleki. Ndivyo ilivyokuwa. Mchezo wa moja kwa moja hauna kufuta. Kilichosemwa kimesemwa, na nyumba milioni tatu zimeshakisikia.

Lyle wa watu, mtu wa kukariri, akatafuta mstari unaofuata kichwani mwake akakuta hakuna. "Umekufa, Harriet," akasema. "Yaani, ulikuwa... mimi mwenyewe nimekupima."

"Umepima mkono gani?"

"Wa kushoto."

"Basi pima wa kulia. Na siku nyingine unapokuja kazini usiwe umekunywa."

Huko chumba cha mitambo mwongozaji alikuwa anapiga kelele mpaka miwani ikamruka. "Kamera ya pili! Nendeni jikoni! Jikoni!"

Wakaenda jikoni. Jikoni kwa Mama Harriet, chini ya picha ya marehemu mumewe, alikuwa amekaa fundi wa jukwaa anakula sandwichi ya nyama. Akaiona taa nyekundu imemwelekea. Akasimama taratibu, sandwichi ingali mdomoni, akavua kofia kwa heshima ya msiba. Marekani yote ikamwona.

"Rudini! Rudini hospitali!" akalia mwongozaji.

Wangeweza kukimbilia tangazo la sabuni, lakini tangazo nalo lilikuwa la moja kwa moja, na binti wa kufua alikuwa bado yuko nusu uchi nyuma ya pazia anafungwa vifungo. Beseni lilikuwa tayari. Boksi kubwa la Snowdell lilikuwa tayari juu ya meza, sura yake ya buluu ikitazama kitandani.

Maxine akaliona lile boksi juu ya bega la Lyle. Na hapo hapo akajua.

Akafanya jambo ambalo mchezaji hakuruhusiwa kulifanya. Akageuka akaitazama kamera uso kwa uso.

"Daktari, nikwambie siri," akasema. "Mimi siumwi. Kuna bwana mmoja mjini hapa alikuja kwangu na karatasi. Akaniambia nimwandikie majirani zangu, nani alikaa na nani, nani alisema nini, zamani huko. Nikiandika nitapona. Nisipoandika, nizikwe. Nimekaa na majirani hawa miaka kumi na tano. Nimewazalisha, nimewazika, nimewakopesha sukari. Siwauzi! Bora nife nikiwa nao kuliko niishi peke yangu na karatasi yake."

Nyuma ya kioo cha chumba cha mitambo, Edna Mossbacher, mwandishi wa mchezo, aliyelazimishwa kuandika kifo kile na akakiandika huku analia, alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Jina lake ndilo lililokuwa likitafutwa kwanza. Yeye ndiye aliyemkaribisha Maxine kwenye mkutano ule.

Bwana Haverly alikuwa amesimama kando ya Edna. Yeye hakuziba kitu. Alipitisha kidole shingoni, ishara ya kukata. Mwongozaji akainua mabega. Akate aonyeshe nini, sandwichi?

"Sasa," Mama Harriet akaendelea, "mimi si mtu wa kujipendelea. Pengine kweli siku zangu zimefika. Wa kuamua si yule bwana. Wa kuamua ni akina mama wenzangu. Mama yeyote anayetaka niishi, aende jikoni kwake sasa hivi, achukue mkasi, akate kifuniko cha boksi lake la Snowdell..."

Hapo ndipo msiba wa Bwana Haverly ulipoanza.

Ndani ya kibanda cha vioo, pembeni, alikuwa ameketi Wendell Prouty, mtangazaji wa mchezo. Wendell alikuwa na sauti nzuri kuliko zote New York na hakuwa msikivu hata kidogo. Alikuwa anajaza fumbo la gazetini, amekwama kwenye mnyama wa herufi tano. Kufa kwa Harriet hakukumhusu. Kufufuka kwake pia hakukumhusu. Lakini tangu enzi za redio, kila mchezaji alipotaja kifuniko cha boksi, iwe ni kwa ajili ya bangili ya zawadi, mbegu za maua au kitabu cha mapishi, kazi ya Wendell ilikuwa ni kuingia na anwani. Miaka kumi na tano. Maneno yale yalikuwa yanamfungua mdomo kabla ya kufungua akili.

Mkono wake ukabonyeza kitufe wenyewe.

"Ndiyo, akina mama!" sauti ikamwagika. "Kifuniko kimoja tu cha boksi la Snowdell, pamoja na jina lako, kwa Mama Harriet, Sanduku la Posta 12, Toledo, Ohio! Narudia, Sanduku la Posta 12, Toledo, Ohio! Tuma leo, usichelewe!"

Kisha akarudi kwenye mnyama wake.

Maxine nusura acheke. Akajikaza. "Mmesikia wenyewe," akasema. "Andikeni humo ndani maneno mawili tu, Harriet aishi. Jumatatu Daktari atakuja kunisomea. Daktari, utanisomea?"

Lyle akamtazama Maxine, akatazama kioo cha chumba cha mitambo, akamwona Haverly na kidole chake shingoni. Kwa maisha yake yote Lyle Ostrander hajawahi kubishana hata na mhudumu wa mgahawa.

"Nitakusomea, Harriet," akasema. "Kimoja kimoja."

Eh, Lyle! Hata mimi sikukutarajia.

Gus alikuwa amewekewa karatasi ya muziki wa mazishi. Akaikunja, akaikalia, akapiga wimbo wa harusi. Saa ikafika saba kasorobo na taa ikazimika.

Lyle akakaa sakafuni.

"Umeniponza, Maxine," akasema. "Nina watoto wawili na meno ya kubandika ambayo sijamaliza kuyazoea."

"Umefanya kazi nzuri."

"Nimetetemeka tu."

"Basi ulitetemeka vizuri, baba."

Gus akaja mbio kutoka kwenye kinanda, akamshika Maxine mashavu kwa viganja vyake vinene. "Bibie, wakikufukuza, wanifukuze na mimi. Nitapiga kanisani. Kule angalau anayekufa anakubali kufa."

Mlango wa studio ukafunguliwa. Aliingia dada wa mapokezi ya simu, nywele zimemtoka kwenye pini.

"Bwana Haverly yuko wapi? Simu zote zinawaka! Mama mmoja wa Pennsylvania anauliza, akituma vifuniko viwili Harriet ataishi mara mbili zaidi? Mwingine hana Snowdell, ana sabuni ya kampuni nyingine, analia, anaomba apewe saa moja aende dukani. Na Toledo, makao makuu ya Snowdell, wako kwenye laini. Bosi mwenyewe!"

Haverly akapita katikati yao bila kumtazama mtu, akaenda kuipokea. Kupitia mlango uliokuwa wazi walimsikia vizuri.

"Ndiyo, bwana... Hapana, bwana, haikuandikwa... Ndiyo, najua alisema karatasi... Kumi na mbili, ndiyo, sanduku ni hilo hilo... Posta watahitaji lori? ... Ndiyo, bwana. Ataishi. Nimeelewa, bwana. Ataishi."

Studio ikalipuka kwa vigelegele. Fundi wa sandwichi akambusu mtu asiyemjua. Edna alishuka ngazi mbio akamkumbatia Maxine, akalia begani kwake mpaka gauni la hospitali likalowa.

Maxine naye akalia. Alikuwa amewashika pabaya. Hakuna muuza sabuni duniani anayeweza kumuua mwanamke ambaye kila pumzi yake inauza boksi.

Ndivyo alivyodhani.

Robo saa baadaye alikuwa kwenye chumba chake cha kuvalia, anakula nusu ya mkate wa Gus, viatu kavua, roho imetulia. Mlango ukagongwa mara moja ukafunguliwa. Haverly akaingia anatabasamu. Maxine hakupenda lile tabasamu hata kidogo.

"Hongera, Bi Dubrow," akasema. "Mama Harriet ataishi. Miaka mingine kumi na tano, Mungu akipenda."

"Mungu na Toledo."

"Hasa Toledo." Akavuta kiti akakikalia kinyumenyume. "Jumatatu mchana hospitali inashika moto. Jambo la kusikitisha. Daktari Whitfield anamwokoa Harriet kutoka kwenye miali. Uso wake umeungua, umefungwa bendeji mpaka kidevuni. Moshi umemharibu koo, hawezi kusema neno wiki nne. Daktari anamsomea vile vifuniko vyako, kimoja kimoja. Mwezi ujao bendeji zinatoka, na Harriet ana sura mpya. Madaktari wa siku hizi ni hodari."

Maxine akauweka mkate mezani.

"Ndani ya bendeji yuko nani?" akauliza, ingawa alishajua.

"Yeyote. Nimeshampata mmoja, ana miaka thelathini na nane na haendi mikutanoni. Uliwaomba akina mama wamwokoe Harriet, nao watamwokoa. Hukuwaomba wamwokoe Maxine Dubrow. Hawamjui hata ni nani."

Nisiwafiche, lilimwingia. Ana miaka hamsini na mmoja. Studio zote za mji ule zina orodha ile ile ya wanaoshukiwa ukomunisti, na jina likishaingia humo hupati hata kazi ya kusema "Karibu" mlangoni. Miaka kumi na tano alimpa Harriet sauti yake, magoti yake, mvi zake. Kumbe alichofanya leo ni kumjengea mwanamke mwingine nyumba, tena kwa mikono yake. Alitaka kupiga kelele. Hakumpa Haverly raha hiyo.

"Edna hataandika upuuzi huo," akasema.

"Edna aandike kufikia saa tisa, la sivyo naandikisha mwingine. Lakini." Haverly akaingiza mkono ndani ya koti. Akatoa karatasi ile ile nyeupe, imekunjwa mara nne, akailaza mezani kati ya unga wa uso na kipande cha mkate. Akaweka na kalamu juu yake. "Mimi si mkatili. Majina matatu nilitaka. Sasa nitaridhika na moja. Unalijua, nalijua, liko ghorofa ya juu linapiga taipu. Andika Edna Mossbacher, na Jumatatu hakuna moto. Unaamka kitandani na uso wako mwenyewe."

"Jina moja tu?"

"Moja. Mtu aliyekuwepo pale kweli, kwa mwandiko wako."

"Na ukishalipata utaniacha?"

"Mama, nitakuletea maua."

Maxine akaichukua kalamu. Haverly akajisogeza mbele na kiti chake. Kutoka juu taipu ya Edna ilikuwa inasikika, tak, tak, tak, inasita, tak.

Hakuwa na mpango wowote safari hii. Alikuwa na chuki tu, chuki safi ya mtu aliyepokonywa, na alitaka kumtukana mtu huyu kwa namna ambayo ataibeba mpaka nyumbani. Akaandika herufi kubwa, polepole, akaukokoteza na mkia wa herufi ya mwisho. Akaigeuza karatasi akamsukumia.

"Haya. Soma."

Haverly akasoma. Palikuwa pameandikwa: PRENTISS HAVERLY.

Maxine akakaa tayari kwa matusi. Alitaraji acheke, aichane, aite walinzi. Aliyatamani matusi hayo ili naye apate kurudisha.

Haverly hakucheka. Rangi ilimtoka kuanzia paji la uso mpaka kwenye ukosi wa shati. Aliinuka nusu, akakaa tena. Akatazama mlango ambao hakuufunga vizuri, na alipofungua mdomo sauti yake ilikuwa ya kijana mdogo.

"Nilikuwa na miaka ishirini na mbili," akasema. "Sikusema neno jukwaani pale mkutanoni. Nilipiga akodioni tu."

Maxine hakukumbuka akodioni yoyote. Hakukumbuka kijana yeyote. Usiku wa mkutano ule alikaa safu ya nyuma akasinzia. Lakini mwanamke aliyekaa miaka kumi na tano hewani hashituki uso anaporushiwa mstari ambao haumo kwenye karatasi.

"Nani mwingine anajua?" akauliza Haverly.

Maxine akachukua kipande chake cha mkate, akakitafuna taratibu mpaka kikaisha.

"Funga mlango, Prentiss," akasema. "Tuzungumze habari za Jumatatu."